Johannes Rebmann, Mmisionari Aliyeiona Theluji ya Kilimanjaro

Kila mtoto wa Moshi ajua kwamba juu ya Kibo pana theluji. Ameiona tangu siku alipobebwa mgongoni mwa mama yake, na ingawa siku hizi imepungua sana, hakuna awezaye kumwambia kwamba haiko. Lakini palikuwa na wakati ambapo mabingwa wa Ulaya walikana jambo hilo, na mtu wa kwanza kuwapelekea habari zake kwa maandishi wakamfanyia mzaha. Mtu huyo aliitwa Johannes Rebmann.

Wengi humkumbuka kwa ajili ya mlima tu. Sisi katika somo hili tutasimulia habari za mlima, kisha tutaendelea mbele, maana maisha yake yana jambo jingine la kujifunza. Alikaa katika nchi ya ugeni kwa hiari yake karibu miaka 30, akawaona wenzake wakiugua na kufa, akamzika mwana na mke, na mwishowe yeye mwenyewe akawa mgonjwa wa kushikwa mkono. Tutaona ni nani aliyemshika mkono.

1. Utoto wake

Kusini mwa Ujerumani, karibu na mji wa Stuttgart, uko mji uitwao Gerlingen. Zamani hizo ulikuwa mji mdogo, na watu wake walikuwa wakulima. Walipanda mizabibu katika miteremko ya vilima, kama watu wa Kilimanjaro wapandavyo migomba. Huko ndiko alikozaliwa Johannes Rebmann, tarehe 16 Januari mwaka 1820. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba.

Kijana huyo alipokua alitamani kuwa mmisionari. Akaenda kusoma katika chuo cha misioni huko Basel, katika nchi ya Uswisi, kisha akavuka bahari kwenda London, akaingia chuo cha Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, ambacho watu hukiita CMS. Mwaka 1845 alipewa daraja ya ukasisi. Mwaka uliofuata alipanda jahazi la matanga kuja Afrika ya Mashariki, na mwezi wa Juni mwaka 1846 akashuka Mombasa, akiwa mtu wa miaka 26.

2. Punda mmoja na wagonjwa wawili

Mombasa alimkuta Mjerumani mwenziwe, Dakta Ludwig Krapf, aliyekuwa ametangulia kufika miaka miwili nyuma. Krapf alikuwa na msiba moyoni. Mwezi wa Julai mwaka 1844, mkewe Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Baada ya siku chache mama akafa kwa homa, na mtoto akamfuata. Makaburi yao yalikuwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Basi Rebmann alipofika alijua tangu siku ya kwanza nchi hii imemgharimu nini mwenziwe.

Haukupita muda mrefu Rebmann naye akashikwa na homa. Siku zile dawa ya kwinini ilikuwapo, lakini hakuna aliyejua kwamba homa ya malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilikuja kuthibitishwa mwaka 1897. Watu walidhani homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Kwa hiyo mgonjwa aliweza kupewa dawa leo, na usiku uleule akalala pasipo chandarua, akaumwa tena.

Mwezi wa Agosti mwaka 1846 wote wawili walifunga safari kwenda kukaa Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, mahali paitwapo Kisulutini. Wote wawili walikuwa wadhaifu kwa homa, na punda alikuwa mmoja tu. Ikawa kumpanda kwa zamu, huyu akipanda na huyu akijikokota kwa miguu. Hivyo ndivyo ilivyoanza misioni ya Rabai. Wagonjwa wawili walisaidiana kupanda kilima, na wazee wa Rabai wakawapokea na kuwapa mahali pa kukaa.

3. Mlima wenye kilele cheupe

Rebmann alikuwa na hamu ya kwenda bara. Mwezi wa Oktoba mwaka 1847 alifika Kasigau, katika nchi ya Taita. Huko na pwani alisikia habari za nchi ya Uchagga na mlima mkubwa usiofikika. Tarehe 27 Aprili mwaka 1848 akaondoka Rabai pamoja na wapagazi wachache na kiongozi mmoja Mswahili, jina lake Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Rebmann hakuchukua bunduki mkononi. Alichukua mwavuli, na mwavuli huo ukamfaa mara nyingi, maana yalikuwa majira ya masika.

Walipita katika nyika ya Taita, penye vifaru na simba. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, milima ya Uchagga ilipozidi kuonekana wazi, Rebmann aliona juu ya mlima mmoja kitu cheupe cha kung'aa. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye hakuwa na neno la kukiita kitu kile. Alijua tu kwamba ni baridi. Ndipo Rebmann akatambua kwamba ni theluji, ile ile iliyokuwa ikianguka kwao Gerlingen wakati wa kipupwe.

Watu wa pwani walikuwa na hadithi nyingi juu ya kilele hicho. Wengine walisema ni fedha, na kwamba majini huilinda. Ilisimuliwa kwamba watu waliopanda kuitafuta fedha hiyo, wengine hawakurudi, na wengine walirudi vidole vya mikono na miguu vimeharibika. Rebmann akaelewa: aliyewaua ni baridi, si jini. Wachagga wenyewe walijua vema kuliko watu wa pwani. Walikiita kilele hicho Kibo, na walijua kwamba kitu kile cheupe, kikitiwa motoni, hugeuka maji.

Safari hiyo Rebmann alifika Kilema, kwa Mangi Masaki. Alipokewa kwa amani, kwa desturi ya nchi. Mnyama alichinjwa, na kipande cha ngozi yake, kiitwacho kishongo, kikatiwa kidoleni mwake kuwa alama ya urafiki. Mwisho wa mwaka huo huo akarudi tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Mwezi wa Aprili mwaka 1849 alikuja mara ya tatu, sasa akiwa na wapagazi wapata 30, akitumaini kupita Machame na kwenda mbele mpaka Unyamwezi. Lakini safari hiyo ilikuwa ya uchungu. Vitu alivyochukua kwa ajili ya njia nzima vilichukuliwa kidogo kidogo kuwa zawadi, hata visibaki vya kumfikisha mbele. Mvua zilikuwa nyingi, naye akaugua sana. Akageuka kurudi, hana mali wala nguvu, akafika Rabai mwezi wa Juni.

4. Mabingwa wasiosadiki

Habari za mlima wenye theluji zilipigwa chapa huko London mwaka 1849. Watu wengine walifurahi, wengine walicheka. Bingwa mmoja wa jiografia, William Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliandika kwamba haiwezekani theluji kukaa digrii tatu tu kutoka mstari wa Ikweta, palipo na jua kali namna ile. Labda macho ya mmisionari yamemdanganya.

Rebmann hakugombana naye sana. Alikuwa ameona, na alijua alichoona. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla ya watu kusadiki. Mwaka 1861 na mwaka 1862 Mjerumani mmoja, Karl Klaus von der Decken, alikuja Kilimanjaro kuupima mlima, akapanda sehemu yake, na theluji ikamwangukia yeye na wenziwe. Hapo maneno yakaisha. Baadaye barafu moja ya upande wa kusini wa Kibo ilipewa jina la Rebmann. Lakini mwenyewe hakurudi tena kuuona mlima ule. Kazi yake ilikuwa Rabai.

5. Kitanda cha Mringe

Kazi ya Rabai ilikwenda polepole mno. Watu walisikiliza, wakaenda zao mashambani. Mtu wa kwanza aliyelipokea neno kwa moyo wote hakuwa mzee wa mji wala mtu wa mali. Alikuwa kiwete, jina lake Mringe, mwili wake umepindika na afya yake ni dhaifu. Wamisionari wakamfundisha. Alipokuwa karibu kufa, alibatizwa kitandani pake, akafa akiwa Mkristo wa kwanza wa Rabai.

Watu wa hesabu wangeona kwamba hiyo ni hasara: miaka mingi ya kazi, na tunda la kwanza ni mtu anayekufa. Lakini wamisionari wale hawakuhesabu hivyo. Kuna ugonjwa ambao hakuna dawa iwezayo kuuponya. Hapo kazi ya mwuguzi haiishi. Yabaki maji ya kunywesha, mto wa kuinua, jasho la kupangusa, na maombi. Na zaidi ya yote, yabaki kukaa hapo hapo, mgonjwa asife peke yake.

Mwaka 1851 walikuja wamisionari wapya pamoja na mafundi. Homa ikawashika upesi, na mmoja wao, Christian Pfefferle, akafa kabla hajaanza kazi aliyoijia. Wengine wakarudi kwao. Baada ya miaka miwili Krapf naye alilazimika kurudi Ulaya kwa sababu ya afya yake.

Mwaka huo wa 1851 Rebmann alisafiri mpaka Misri, akaoa mjane Mwingereza, jina lake Emma Tyler, aliyekuwa mwalimu katika misioni ya huko. Wakarudi pamoja Rabai. Walijaliwa mtoto mmoja, lakini akafa akingali mchanga. Bibi Emma alistahimili homa na upweke wa mahali pale miaka mingi, hata mwaka 1866 naye akafariki dunia. Basi Rebmann akabaki, kama alivyobaki Krapf kabla yake, mjane asiye na mtoto, katika nchi isiyokuwa ya baba zake.

6. Kazi ya kimya

Wengi wangerudi kwao. Yeye alikaa. Alifanya kazi isiyoonekana na wapita njia: kukusanya maneno. Alichunguza Kiswahili, akachunguza lugha ya watu wa Rabai. Pia alikutana na mtu mmoja aliyetekwa utumwani kutoka pande za ziwa Nyasa, jina lake Salimini, naye akamfundisha Rebmann lugha ya kwao, neno kwa neno. Mtumwa akawa mwalimu, na mmisionari akawa mwanafunzi. Kamusi iliyotoka katika kazi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1877. Aliifasiri pia Injili ya Luka kwa Kiswahili, nayo ikapigwa chapa mwaka 1876.

Tangu mwaka 1864 walikuja kumsaidia Waafrika waliokuwa wameokolewa utumwani na kusomeshwa India, katika shule ya misioni karibu na Bombay. Miongoni mwao walikuwa George David, William Jones na Ishmael Semler. Hata hivyo Wakristo wa Rabai walibaki wachache sana, na kule Ulaya watu wengine walianza kuuliza kama miaka yote ile haikupotea bure.

Tena nuru ya macho yake ikaanza kufifia. Kwanza maandishi madogo yalimpotea, kisha nyuso za watu, mwisho akawa karibu kipofu kabisa. Mwaka 1873 Bwana Bartle Frere, mjumbe wa Serikali ya Uingereza aliyekuja kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta angali pale pale mahali pake. Macho yaliyoiona theluji ya Kibo kabla ya macho ya Mzungu mwingine yeyote sasa hayakuweza kuona mlango wa nyumba.

7. Isaac Nyondo

Mwaka 1875 Chama cha CMS kilianza kazi mpya karibu na Mombasa, mahali palipoitwa Frere Town, pa kuwakalisha watumwa waliookolewa. Watu wapya walikuja wenye nguvu. Mzee Rebmann aliombwa arudi kwao, apumzike na macho yake yatazamwe na waganga. Alikuwa na miaka 55, na miaka 29 alikuwa Afrika pasipo kurudi nyumbani.

Mwaka huo huo palitokea jambo la kuonyesha hatari iliyokuwapo. Mmisionari mwingine wa pwani, Charles New, ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro mpaka penye theluji, alikwenda tena Moshi. Alipokuwa akirudi aliugua njiani, akafa kabla hajafika kwa wenziwe. Kufa njiani, mbali na ndugu na rafiki, ni jambo ambalo kila msafiri wa siku zile aliliogopa.

Je, kipofu atasafirije mpaka Ulaya? Alikuwapo Rabai kijana Mkristo, Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa mahali pale. Huyo ndiye aliyefuatana na Rebmann. Aliacha nyumba ya baba yake na lugha aliyozaliwa nayo, akapanda meli, akaenda katika nchi za baridi asizozijua, kwa ajili ya mgonjwa asiye wa ukoo wake.

Wasomaji, fikirini kazi hiyo. Kumwongoza kipofu nyumbani kwake ni rahisi kidogo, kwa maana azijua hatua zake. Melini kila kitu ni kigeni, ngazi, milango, mawimbi. Yampasa mwenye kumwongoza awe macho mchana na usiku. Amwambie penye kizingiti kabla hajajikwaa, amwekee chakula karibu na mkono wake, amsimulie kinachoonekana. Tena afanye hayo pasipo kumwaibisha, maana mtu mzima aliyezoea kujitegemea huona vigumu sana kulishwa na kuvikwa. Rebmann aliwahi kuja Rabai kuwa mwalimu wa watu wa nchi. Sasa alihitaji bega la mmoja wao kupita njia.

Wakafika Ulaya. Waganga walijaribu kumsaidia, lakini nuru ya macho haikurudi kama zamani. Halafu Rebmann akaenda Korntal, kijiji kilicho karibu na Gerlingen alikozaliwa. Huko alikuwako rafiki yake wa kale, Krapf. Watu wawili waliopanda kilima cha Rabai kwa punda mmoja wakakaa tena karibu. Nyondo naye baadaye akarudi kwao Afrika.

8. Mwisho wake

Mwaka 1876 Rebmann alioa mara ya pili. Mkewe alikuwa Louise Däuble, mjane wa mmisionari, naye akamtunza katika udhaifu wake. Lakini hawakukaa pamoja muda mrefu. Alishikwa na ugonjwa wa mapafu, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki dunia, mwenye umri wa miaka 56. Alizikwa hapo Korntal. Krapf alichukua maandiko ya lugha yaliyosalia, akayatengeneza yapigwe chapa, ili kazi ya rafiki yake isipotee. Naye Krapf akafa mwaka 1881.

Rebmann hakuona matunda makubwa kwa macho yake. Hakujua kwamba mwaka 1885 wamisionari wa CMS wangefika Moshi, kwamba Wakatoliki wangejenga Kilema mwanzo wa miaka ya 1890, kule kule alikovalishwa kishongo, na kwamba Walutheri wa Leipzig wangefika Machame mwaka 1893, mahali alipotoka amenyang'anywa kila kitu. Siku hizi katika miteremko ya mlima zipo shule, makanisa na hospitali nyingi, na wauguzi wake ni wana na binti za nchi.

Ninyi mnaosoma somo hili, wengine wenu mtakuwa waganga na wauguzi, na wengine mtakwenda mbali na kwenu kuwatumikia watu msiowajua. Mtajifunza dawa nyingi ambazo watu wa siku za Rebmann hawakuwa nazo. Lakini itafika siku mtakapokuwa kando ya kitanda cha mtu ambaye dawa zote zimemshinda. Siku hiyo mkumbukeni Mringe, aliyefundishwa na kubatizwa akiwa karibu kufa, wala hakuonekana kuwa mtu bure. Mkamkumbuke na Isaac Nyondo, aliyemshika mkono kipofu akamvusha bahari. Yeye aliyekuja kutumikia alikubali mwishowe kutumikiwa, na kukubali huko nako kwahitaji imani.

Maswali

1. Rebmann alizaliwa wapi, na wazazi wake walifanya kazi gani?
2. Kwa nini watu wa siku zile hawakuweza kujikinga na homa ya malaria?
3. Rebmann alikuja Uchagga mara ngapi, na safari ya tatu iliharibikaje?
4. Mringe alikuwa nani? Eleza kwa nini wamisionari hawakuona kwamba kazi yao kwake ilikuwa hasara.
5. Andika kwa maneno yako mwenyewe kazi zimpasazo mtu anayemwongoza kipofu katika safari.
6. Je, kuna mgonjwa au mzee karibu na kwenu ambaye hana wa kukaa naye? Wewe waweza kumfanyia nini?